Kipande cha Boksi Mbele ya Lenzi

Siku niliyokabidhi ofisi nilisaini orodha ya vifaa: projekta ndogo, spika mbili, kipaza sauti, jenereta, pazia jeupe la kuonyeshea picha, nyaya, na kiti chenye miguu mitatu ambacho nacho, mjue, ni mali ya umma. Kipande cha boksi hakikuwamo katika orodha. Hamkukiulizia na mimi sikukitaja, nikakitia mfukoni nikaja nacho nyumbani. Sasa mmeniomba niwaandikie machache ya kuwasaidia kazini, ninyi mnaobaki kwenye idara, na nimekaa siku tatu bila kupata pa kuanzia. Nimeona nianze na hicho kipande cha boksi, maana ndicho kilichonisumbua kuliko jenereta zote nilizowahi kuzivuta kamba.

Niliajiriwa Biharamulo, nikiwa msaidizi wa fundi sinema. Fundi mwenyewe aliitwa Mzee Stanslaus, Msubi mwembamba, mtu wa maneno machache, aliyevaa koti hata kwenye jua la saa nane. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa projekta. Alinipa kitambaa laini akasema nifute lenzi. Nilipomaliza akaitazama, akaniambia nifute tena. Siku ya pili nilifuta lenzi. Siku ya tatu alinifundisha kuunga filamu iliyokatika, kwa wembe na gundi, na akanionya kwamba filamu ikikatika una dakika tatu tu kabla watu hawajaanza kupiga miluzi, na ukiiunga vibaya ng'ombe ataonekana anatembea kinyumenyume. Tulionyesha filamu za kilimo, za chanjo, za choo bora na za uzazi wa mpango. Nyingine zilitoka mbali sana, na watu walizipenda hizo zaidi, hasa kama kulikuwa na theluji.

Mzee Stanslaus alikuwa na sheria moja kubwa. Filamu usiyoitazama usiionyeshe. Kila filamu tuliitazama mara tatu, mimi na yeye, stoo, tukiwa tumeziba dirisha kwa blanketi, na yeye akiandika kwa penseli kwenye daftari: hapa sauti inashuka, hapa mkanda una kidonda, hapa pa kuziba. Sikuelewa maana ya kuziba mpaka tulipokwenda Nyabusozi.

Tulionyesha kwenye darasa la shule, alasiri, madirisha yakiwa yamefunikwa kwa magunia. Filamu ilikuwa ya uzazi wa mpango. Ilipofika mahali mume anarudi kazini na mkewe anamkimbilia mlangoni, Mzee Stanslaus alitoa mfukoni kipande cha boksi la sabuni kilichokatwa mviringo na kufungwa uzi wa kukipandishia, akakiweka mbele ya lenzi. Pazia likawa jeusi. Akashika kipaza sauti, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari, "Hapa wanasalimiana." Darasa zima lilicheka, na ile hali ya watu kujikunja kwenye madawati ikaisha. Alipoondoa boksi, mume na mke walikuwa mezani wanakula.

Nilimuuliza njiani kwa nini anawanyima watu kitu kidogo kama kile. Hakunitazama. Akasema, "Uliona yule mama aliyekaa mbele, mwenye kitenge cha bluu? Nyuma yake ni mkwewe, yule Msukuma mwenye fimbo. Hawapeani hata mkono, hawali chungu kimoja. Nikiacha wakayaona yale wakiwa chumba kimoja, yule kijana mwaka mzima hatapita tena mbele ya nyumba yao. Mimi sizibi picha. Ninawafunika watu."

Nililishika neno hilo na nikaliishi. Na ile kauli yake ya kusalimiana ilienea mpaka sokoni. Binti akionekana na tumbo, akina mama waliuza ndizi zao na kusema, "Huyu naye walisalimiana."

Nilipohamishiwa Ngara, Mzee Stanslaus alikuwa karibu kustaafu. Alinipa lile boksi na uzi wake. Hakunipa kitu kingine, wala hakutoa hotuba. Miaka ilipita na boksi lenyewe lilichakaa nikalibadilisha mara tatu, lakini uzi ni uleule. Zikaja kanda za video, zikaja DVD, ikaja projekta ya kubeba kwapani, na mwisho zikaja simu, ambamo kila mtu anaona analotaka. Wenzangu walinicheka. Waliniuliza ninaziba nini wakati vijana wameshaona yote. Niliwajibu kwamba simu mtu huitazama peke yake, lakini ukumbini yupo mkwe, yupo padri, yupo binti wa ndugu yako. Na watu walinizoea. Boksi likipanda walijua nyuma yake kuna nini, na walijua halipandi bure. Likumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu alinijia Generoza. Ni binti kutoka Kirushya, aliyesomea mambo ya filamu Dar es Salaam, akarudi kutengeneza filamu yake huku kwetu, kwenye migomba na vilima vyetu, kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kihangaza na Kirundi. Haikuwa filamu ya kupigana wala ya kuchekesha. Mtu anaweza kutembea kutoka mgombani hadi nyumbani na kamera ikamfuata mwendo wote bila neno. Nilimwuliza watu watakaa? Akanijibu, "Mzee, kanisani mbona wanakaa?"

Hadithi yake ni ya mwanamume aliyevuka mpaka kwenda kutafuta ndugu zake waliopotea, akakaa huko miaka kumi na moja. Mke wake alilima peke yake. Mwisho mume anarudi. Mke anafungua mlango, anamtazama, anaenda kukaa kwenye kigoda bila kusema kitu. Kinachofuata ndicho kilicholeta balaa.

Aliyeigiza mke hakuwa mwigizaji. Alikuwa Veneranda, mkulima wa maharage wa Nyakisasa, mwanakwaya, mama wa watoto wanne, mtu ambaye akiimba sauti ya pili hata mbwa wa jirani hunyamaza. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni. Aliyeigiza mume alikuwa mwalimu mmoja wa Biharamulo. Mume wa kweli wa Veneranda, Filbert, alimruhusu mkewe baada ya kuulizia sana. Alimwuliza mkewe, "Huyo mwalimu atakufanya nini?" naye akamjibu, "Ananiosha miguu tu." Filbert akaridhika.

Tulionyesha filamu hiyo Jumamosi moja, saa tisa alasiri, kwenye ukumbi pale Ngara. Nilifunika madirisha kwa maturubai. Watu walijaa, wengi wametoka Nyakisasa na Kirushya kwa malori kumwona mtu wao. Wazee wa kanisa walikaa mbele, Filbert pamoja nao, shati jeupe, kifua mbele. Veneranda alikaa nyuma kabisa na wanakwaya wenzake, amejifunika kitenge mpaka puani kwa aibu ya kujiona.

Walikaa, kama Generoza alivyosema. Walitazama kimya kama wako ibadani. Mume akarudi. Mke akakaa kwenye kigoda. Mume akachochea moto, akaweka sufuria ya maji, akamimina kwenye beseni. Alipolitua beseni miguuni pa mkewe, mimi nilipandisha boksi.

Pazia likawa jeusi. Na safari hii sikusema chochote. Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na kile kijisentensi cha miaka yote hakikutoka. Dakika nne nzima ukumbi ulisikia maji yakimwagika, nguo ikisogea, mtu anapumua, na mwishoni mwanamke akitoa pumzi ndefu, moja tu. Dakika nne gizani ni ndefu kuliko mnavyofikiri. Nilisikia mtu anaguna. Nilisikia benchi la wazee likilia. Nilipoondoa boksi palikuwa pamekucha kwenye filamu na mke anapalilia, lakini hakuna aliyekuwa akitazama tena pazia. Vichwa vyote viligeuka nyuma kumtafuta Veneranda.

Kilichozibwa nitawaambia sasa hivi, ili msipate shida waliyoipata wao. Mume anaiosha miguu ya mkewe, iliyopasuka kwa jembe, mmoja kwanza kisha wa pili. Anaifuta. Anaipaka mafuta, taratibu, mpaka kwenye vifundo. Kisha anaweka paji la uso wake kwenye goti la mkewe, na mke anaweka mkono juu ya kichwa cha mumewe. Ni hayo tu. Kamera imekaa palepale, mbali kidogo, kama jirani aliyesimama mlangoni asijue aingie au aondoke.

Lakini nani angeamini? Veneranda alimwapia mumewe usiku na mchana kwamba ni miguu. Filbert alimjibu neno moja ambalo lilizunguka wilaya nzima. "Tangu lini miguu ikazibwa?" Na alikuwa na haki ya kuuliza. Miaka yote nimewazoeza kwamba fundi akiziba kuna jambo. Watu wakasema lisemwalo lipo. Kila aliyesimulia aliongeza la kwake, maana kila mtu alikuwa na dakika nne tupu za kujaza. Kwaya ikamwambia apumzike. Wiki ya pili Filbert alimrudisha kwa kaka yake Nyabusozi, na mtoto mdogo mgongoni. Wale wakubwa watatu walibaki kwa baba yao.

Generoza alinipigia simu. "Shikamoo mzee," akasema, na nikajua kwa ile shikamoo kwamba angekuwa na uwezo asingeitoa. Aliniambia yaliyompata Veneranda. Kisha akaniuliza, "Umeziba nini, mzee? Mimi niliyeitengeneza sijaona cha kuziba."

Nilimwambia nilikuwa nawalinda watu. Nilimwambia ni desturi. Nilimwambia pia kwamba sikuwa nimepata nafasi ya kuitazama kabla, niliona beseni na mwanamke amekaa, nikadhani anakwenda kuogeshwa. Akakata simu.

Niliacha zaidi ya mwezi upite nikijidanganya kwamba yatapoa. Hayakupoa. Nawaambia hili bila kujitetea: mtu alikuwa amevunjiwa nyumba na mimi nilikuwa ofisini najaza fomu ya likizo. Mwishowe niliomba ruhusa kwa wazee wa kanisa la Nyakisasa, nikapakia projekta ndogo kwenye pikipiki, nikaenda. Kaka yake Veneranda akamleta kutoka Nyabusozi. Tulikaa kwenye darasa la mafundisho, Jumatano mchana, watu wapatao kumi na tano, wazee, viongozi wa kwaya, na Filbert mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Veneranda alikuwa amekonda. Alinisalimu, nikaitika marahaba, na sikuweza kumtazama.

Niliwaeleza kwamba nitaonyesha kipande kile tu, wazi, mwanzo hadi mwisho. Boksi nililiweka mezani mbele ya macho ya wote. Nikawasha.

Ilipoisha, niliwasha taa nikitegemea watacheka kwa aibu, waseme kumbe ni hivyo, tuagane. Mimi ni mjinga wa siku nyingi. Waligawanyika papo hapo kama shamba la urithi.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja mzee wa kanisa, mjane. Alisema, "Mimi sioni dhambi hapo. Ninaona kitu ambacho sikukipata miaka thelathini." Akafuta macho waziwazi. Mwingine akaunga mkono, akasema hata Bwana aliwaosha mitume miguu.

Mzee Yoasi, mwenyekiti wao, mtu ninayemheshimu, akajibu, "Aliwaosha, lakini hakuwapaka mafuta."

Watu wawili watatu walicheka, yeye hakucheka. Akaendelea, "Nisikilizeni. Wangekuwa wanabusiana ningesema ni mambo ya Wazungu, nikalala. Lakini hawa wanafanya kitu cha kwetu, kwenye nyumba kama yangu, kwa beseni kama la kwangu. Mwalimu yule si mume wake. Goti la mke wa mtu si mahali pa mtu mwingine kuweka uso. Kwangu mimi hii ni mbaya kuliko nilivyodhani."

Kiongozi wa kwaya akasema yeye haoni ubaya wala uzuri, anaona mwanamume amepiga magoti kwa mwanamke, na kesho wake zetu watadai nao. Yule mjane akamwambia, "Na wadai." Wakavutana hivyo kwa muda mrefu, na hakuna upande uliokuwa na upumbavu. Nilifanya kazi ile maisha yangu yote nikidhani watu hugombana kwa sababu hawajaona. Siku ile nikajua kwamba wakiona ndipo wanaanza kugombana sawasawa, kila mtu kwa jambo lake la kweli. Lakini ugomvi ule wangepaswa kuwa nao siku ya kwanza, ukumbini, na Veneranda angekuwa nyumbani kwake akiusikiliza.

Filbert aliwaacha mpaka walipochoka. Kisha akasema kutoka mlangoni, "Rudia."

Nikarudia. Safari hii alikuja karibu, akasimama nyuma yangu. Nilisikia anavyopumua. Kipande kilipoisha akaniuliza, "Ni hayo tu? Hakuna pengine ulipokata?"

"Ni hayo tu," nikasema.

"Aliniambia miguu," akasema. Akarudia tena, kwa sauti ya chini, "Aliniambia." Kisha akanigeukia. "Mzee, mimi hicho kitendo sikipendi mpaka sasa. Sikipendi. Ila ungeniacha nisikipende nikiwa nimekiona."

Akaenda kuchukua mfuko wa nguo wa mkewe kwa shemeji yake, akaufunga kwenye baiskeli. Hakumwomba msamaha mbele za watu, si desturi, na nyumbani sikuwapo. Kwaya haijamrudisha mpaka leo. Wazee walishindwa kukubaliana. Anaimba akiwa kwenye benchi la kawaida, na wanaojua muziki wananiambia kwaya ndiyo iliyopata hasara.

Kabla hawajaondoka, Veneranda alinifuata nikiwa nakunja nyaya. Akaniuliza bila hasira, "Mzee, wewe ulikuwa umeiona kabla ya siku ile?"

Nikamjibu, "Hapana mwanangu. Sikupata nafasi."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema, akaenda.

Vijana wangu, hapa ndipo ninapolipia zile siku tatu za kukosa pa kuanzia. Niliiona. Niliitazama mara tatu kama nilivyofundishwa, ofisini, peke yangu, na nikaandika kwa penseli. Mara ya kwanza nililia mpaka nikafunga mlango kwa ufunguo. Mke wangu Domitila alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Miguu yake ilivimba miezi mingi, na aliyekuwa akiiosha ni dada yake, kila jioni, kwa beseni la bluu. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni. Nilijiambia ni kazi ya wanawake. Siku moja Domitila aliniangalia, akauangalia mguu, akaniangalia tena, na mimi nikasema ngoja nikachungulie ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe wakati huo.

Ndiyo sababu niliziba. Sikuwafunika wakwe wala wazee. Nilijifunika mimi, kwa uso wa mwanamke wa watu. Na sikusema "wanasalimiana" kwa sababu ningefungua mdomo, ukumbi mzima ungesikia kilio changu.

Wiki iliyopita nilikwenda Nyakisasa. Nilimkuta Veneranda uani akipepeta maharage, Filbert akitengeneza mpini wa jembe. Niliyasema yote hayo mbele yao, na la Domitila, na la ng'ombe. Filbert aliacha kuchonga. Veneranda aliendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi, akautua chini.

"Nilijua siku ileile, mzee," akasema. "Mtu asiyeiona asingeziba na kuzibua kwa wakati."

Nilimuuliza kwa nini basi hakusema pale mbele ya wazee, angenisukumia mzigo wote na yeye akawa mwepesi. Akasema, "Siku ile nilisikia hukusema wanasalimiana, nikajua kuna kinachokuuma." Kisha akaingia ndani kuleta maji, tunawe, tule.